Mkwe Kwenye Mlango wa Basi

Kitengela,
11 Januari 2026

Dadangu Nthambi, mwana wa mwaitu, mama mmoja,

Pokea salamu za nyumba yote. Ann hajambo, amerudi kazini kule shamba la maua. Mtoto ameingia gredi ya pili na jino la mbele limemtoka, sasa akisema "sufuria" tunajifuta uso. Kuku wamebaki watatu. Jirani anasema wa nne alichukuliwa na mwewe, lakini siku hiyo ni nyumba yake iliyonukia mchuzi, si kiota cha mwewe.

Nakuandikia kwa sababu ulikataa kuongea nami kwa simu. Ulisema, "Kasyoki, kila nikifika penye ukweli unakata. Niandikie barua, barua haina pa kubonyeza." Haya basi, nimeandika, na Maweu, dereva wa Kajiado, atakuletea kwa Probox yake.

Dada, nimepata kazi. Si kibarua cha kupasua mawe, ni kazi yenye jaketi. Unakumbuka ile reli ya zamani ya machimbo, tuliyokuwa tukiipita ulipokaa hapa kabla hujaolewa Kajiado? Ile ambayo haikuwa na treni, ilikuwa na mbuzi tu na nguo za watu zimeanikwa? Sasa juu ya tuta lile lile wamejenga njia ya mabasi ya BRT, njia yao peke yao, hakuna pikipiki wala mkokoteni wa kuingia mbele. Yanatoka hapa kwetu hadi jijini, na sisi ndio mwisho wa laini. Stesheni yetu watu wanaiita Relini.

Ningekuwa na kipaji ningekuchorea. Sakafu ya stesheni iko sawa kabisa na sakafu ya basi. Basi linakuja, linasimama milango yake ikitazamana na milango yetu ya vioo, yote inafunguka kwa pamoja, na mtu anavuka kama anayetoka sebuleni kuingia jikoni. Hakuna ngazi, hakuna makanga wa kukusukuma mgongo. Wazee wakifika mlangoni husimama wakatazama chini wakitafuta pa kupandia, na kazi yangu ni kuwaambia, "Pita tu," na kuwashika mkono kama wanataka. Nalipwa kwa hiyo!

Reli yenyewe hawakuing'oa yote. Kipande wamekiacha katikati ya mawe ya uwanja wa mbele, na nimeona watu wazima wenye tai wakitembea juu yake mikono wameitandaza. Tangi la maji la treni bado lipo juu ya nguzo zake, chini yake wameweka benchi. Na ile kalvati kubwa chini ya tuta wameiachia ng'ombe. Simel, mfugaji Mmaasai, hupitisha wake asubuhi, ananiita "Sopa!" kutoka chini, namjibu "Ipa!" kutoka juu, na basi linaondoka bila kumpigia mtu honi.

Sasa neno lenyewe. Ann ananiambia yule mama ametakiwa na daktari wa macho aende kliniki jijini kila mwezi, na basi letu ndilo linalopita mbele ya hospitali. Dada, wewe unatujua. Tangu nimuoe Ann, miaka tisa sasa, sijakaa chumba kimoja na mama yake, sijamtaja jina, na tukikutana njiani mmoja wetu huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Nthoni ni nthoni, heshima ya mkwe haichezewi. Lakini Ukambani kuna vichaka. Hapa stesheni yote ni vioo. Mimi nitaingia wapi?

Bado niko kwenye majaribio, na supavaiza wetu, Beverlyne, ni mtu wa Kakamega, mambo haya hayajui. Muulize yule mama anapita njia gani. Uulize kama wewe, si kama mimi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye jaketi ya kijani inayong'aa,
Kasyoki


Kajiado,
8 Februari 2026

Kasyoki mdogo wangu,

Sisi wazima, salamu zimefika. Jibu limechelewa kwa sababu Januari mshonaji wa sare za shule hana ndugu. Nimekunja marinda ya sketi mpaka nikilala naona marinda. Huku ni kavu, vumbi limeingia hadi kwenye bobini ya cherehani, na ng'ombe wa watu wa hapa wanapita wakielekea Isinya na mbavu zao zinaonekana. Lakini mbuzi wa Mama Ann amezaa mapacha, kwa hiyo Mungu hajatusahau.

Barua yako nimewasomea wateja kwa sauti, nikaruka tu pale penye nthoni. Mteja mmoja alisema stesheni ya namna hiyo haiwezi kuwa Kitengela. Nikamwambia kama ndugu yangu amesema iko, basi iko, ila labda ni ndogo kidogo kuliko anavyosema.

Mimi na Mama Ann ni ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nimeuliza. Anapita kwako. Matatu magoti yake hayaziwezi. Maweu anamshusha Relini asubuhi na kumchukua akirudi. Na hii presha ya macho si mchezo, Kasyoki. Daktari amesema jicho la kushoto limeanza kwenda, na ili libaki lazima apimwe na kubadilishiwa dawa kila mwezi bila kukosa. Jicho likishakwenda halirudishwi.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza. Alitoka hapa amevaa viatu vya kanisa. Adhuhuri nikamwona amerudi, nikasema kweli BRT ni ya haraka, kumbe hakufika hata hospitali. "Basi lilijaa," akaniambia, akaingia ndani kwake. Mwambie huyo Beverlyne waongeze mabasi.

Na wewe simama mlangoni pako. Akija, tazama pembeni, apite. Heshima si utumwa.

Dadako anayekuombea hiyo kazi idumu,
Nthambi


Kitengela,
22 Februari 2026

Dadangu Nthambi,

Salamu nyingi. Mtoto ana kikohozi lakini si cha kutisha, ni cha kutafuta asali. Ann amepandishwa cheo, sasa anapanga maua ya kusafirishwa, na nyumbani ananipanga mimi.

Dada, hilo neno "basi lilijaa" liliniuma. Nani alisema? Saa nne asubuhi mabasi yetu yanaondoka na viti vitupu, unaweza kukaa kimoja na mkoba wako ukakaa kingine. Pengine yule mama aliteremshwa kwenye stage ya matatu kimakosa. Mwambie Maweu amshushe kwenye njia ya mteremko, ile isiyo na ngazi, upande wa tangi.

Laiti ungekuja uone wewe mwenyewe. Khadra, anayeuza maziwa ya ngamia, zamani alikuwa akilipa vijana wawili wampandishie mitungi kwenye matatu na mmoja ulikuwa lazima umwagike. Sasa anasukuma kigari chake kutoka uwanjani hadi ndani ya basi, kidole kimoja. Kuna bwana asiyeona, anafuata vile vipele vya njano vya sakafuni kwa fimbo yake mpaka vinakoisha, na anasimama barabara mbele ya mlango. Siku ya kwanza nilikimbia kumshika akaniambia, "Wacha, wacha, nimesoma." Mimi huwa natazama mambo haya nikasahau kula.

Kitu kimoja kibaya kimetokea, nami nakuambia kabla Maweu hajakuambia. Nimepewa onyo. Nilikuwa namvusha mzee mmoja wa kiti cha magurudumu, kiti kiko nusu ndani nusu nje, mara tumbo likanikata. Nikamwacha hapo hapo nikakimbia. Hakuumia, mlango ukigusa mtu hujifungua wenyewe, lakini Beverlyne alinikuta nikirudi akanifokea mbele ya abiria wote: "Kasyoki, hii si kiosk! Mzee wa watu ako half-half kwa mlango, na wewe umepotelea wapi?" Nikasema ni tumbo. Akasema tumbo lingine la aina hiyo, na jaketi nirudishe.

Niombee. Sijawahi kuwa na kazi ninayoikimbilia asubuhi.

Mdogo wako,
Kasyoki


Kajiado,
15 Machi 2026

Kasyoki,

Salamu. Wote wazima. Mapacha wa mbuzi wanaruka hadi juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Mvua imenyesha mara moja, tukatoka nje kuitazama kama mgeni, ikaondoka.

Mimi ni mshonaji. Vipande viwili vikikataa kuungana, najua kimoja kimekatwa vibaya. Wewe unasema mabasi yana viti vitupu. Mama Ann anasema basi lilijaa. Na Jumanne ya tarehe tatu mwezi huu amekwenda tena na viatu vyake vya kanisa, amerudi jioni kabisa, nikamuuliza daktari kasemaje, akasema, "Sikufika. Basi lilijaa." Siku nzima, Kasyoki! Basi gani linalojaa tangu asubuhi hadi jioni?

Nimemshika Maweu. Kwanza alijitia anakagua tairi. Nikamwambia suruali yake niliyoipokea kushona haitatoka hapa. Akasema kwamba anamshusha upande wa tangi, kama ulivyoagiza, na mama amemkataza asiseme zaidi.

Sasa nakuuliza jambo moja na barua haina pa kubonyeza. Hilo tumbo lilikukata siku gani? Maana nimeanza kuhisi lilikukata Jumanne ya Februari, wakati ule ule basi "lilipojaa". Amekosa kliniki mbili. Jicho la mtu linazimika huku, na ninyi wawili mnanidanganya kila mmoja kwa upande wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni kwangu.

Nijibu upesi.
Nthambi


Kitengela,
22 Machi 2026

Dada,

Tuko salama. Naandika kwa ufupi, nina haya.

Ilikuwa Jumanne hiyo. Niliinua macho nikamwona yule mama anapanda njia ya mteremko, polepole, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Sikufikiri chochote, miguu ndiyo iliyofikiri. Nilikimbilia stoo ya mafagio nikajifungia na ndoo. Nilimhesabia muda wa kupita, kuingia, kuondoka. Nilipotoka hakuwepo, nikashukuru Mungu, nikajua amepanda. Hata kufokewa nilifokewa na moyo mweupe, nikasema si kitu, mama amekwenda zake kwa daktari. Siku ile sikujua amegeuka akarudi; ulipoandika ndipo nikasingizia stage ya matatu. Naapa sikujua. Na mwezi huu sikumwona kabisa, nilidhani amepata njia nyingine.

Lakini nimelitengeneza, usiwe na wasiwasi. Nimemwomba Beverlyne anibadilishie zamu. Kuanzia Aprili nitaingia mchana na kutoka usiku. Asubuhi yule mama atamkuta Purity mlangoni, msichana mpole sana, atamshika mkono. Mimi nitakuwa nyumbani nimelala. Atatibiwa, kazi itabaki, nthoni itabaki. Umeona? Hakuna anayeumia.

Mdogo wako mwenye haya,
Kasyoki


Kajiado,
19 Aprili 2026

Kasyoki mdogo wangu,

Nakusalimu. Sisi wazima na mvua imekuja ya kweli, paa langu linavuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda.

Nilingoja hasira ipungue ndipo niandike. Mtu mwenye akili kama wewe, unayejua kila msumari wa hiyo stesheni, ulisahau kwamba anayekwenda asubuhi hurudi jioni?

Jumanne ya tarehe saba Mama Ann alikwenda vizuri. Purity alimvusha, alifika kliniki, alionwa na daktari. Kisha akapanda basi la kurudi. Basi likafika Relini, akatazama dirishani, na ni nani amesimama mlangoni na jaketi ya kijani? Abiria wote wakashuka. Yeye akajikunyata kwenye kiti cha nyuma kabisa, akajifunika leso kichwa chote, akabaki. Basi likageuka naye likarudi jijini. Akaja nalo tena. Ukawa bado upo. Akaenda nalo mara nyingine. Alishuka ulipokwisha kuondoka, magoti yamekauka, hajala kitu tangu chai ya asubuhi, na Maweu amemngojea mpaka amelala juu ya usukani.

Kwanza nilicheka, nisikudanganye. Mimi ni mtu. Halafu nikakaa juu ya kitanda changu chenye maji nikalia.

Asubuhi nikampelekea uji, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mama Ann, leo tutaongea." Yaliyofuata nayaandika kama alivyoyasema, maana sina maneno bora kuliko yake.

"Siku ile ya kwanza nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amemshika yule mzee wa kiti kama mtu anavyomshika baba yake. Nikasema, kumbe binti yangu ameolewa na mtu wa namna hii. Halafu akaniona, akakimbia, nami nikajificha nyuma ya tangi; alipotoka, yule msichana mkubwa wao akamfokea mbele za watu wote. Mkwe wangu, afokewe kama mtoto, kwa sababu mimi nimepita? Nikageuka. Nikasema sipiti tena hapo nikamharibia kazi."

Nikamuuliza, na Machi je? Akakoroga uji wake. Kisha akasema Machi alijaribu, lakini ulikuwa mlangoni, basi akakaa kwenye benchi chini ya tangi, leso usoni, siku nzima, anakutazama. Kasyoki, anakusimulia kama mtu aliyetoka kuona maajabu! Jinsi ulivyomwinamia mama mmoja mfupi ili asikie unachosema. Jinsi ulivyokimbia na kiatu cha mtoto kilichoanguka. Jinsi wenye magari makubwa wanavyokusalimu kwa jina. Wanawake wa kanisani kwake wote wanajua kwamba ule mlango ni wa mkwe wake. Kila mtu Kajiado hii anajua alivyo na fahari na wewe, isipokuwa wewe.

Nikamwambia, "Lakini macho yako, mama?" Akasema, "Yameona vya kutosha."

Hapana, hayajaona vya kutosha. Kuna dawa ya mambo haya na wazee walituachia: blanketi na mbuzi. Mwanamume anampelekea mama mkwe blanketi, anamfunika mabegani mbele ya watu wa pande zote mbili, mbuzi analiwa, na tangu siku hiyo nthoni inakunjwa na kuwekwa. Baba alimfanyia nyanya hivyo. Ndiyo sababu nyanya aliweza kuugulia nyumbani kwetu na kufia mikononi mwa baba, unakumbuka alivyokuwa akimlisha? Bila blanketi lile angekufa peke yake kwa ajili ya heshima.

Kazi hii ni ya wazee wa kiume, lakini baba mdogo hawezi tena kusafiri, na wengine tumewazika. Nitaisimamia mimi. Atakayelalamika nitamshonea mdomo.

Daktari alisema nini siku hiyo, Mama Ann ameniomba nisikuandikie. Siandiki.

Dadako,
Nthambi


Kitengela,
10 Mei 2026

Mwana wa mwaitu,

Salamu zetu. Ann anasema ahsante kwa vitambaa, mtoto amepona kikohozi, asali imekwisha.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu mfukoni mwa jaketi. Niliisoma mara ya kwanza nimeketi kwenye benchi ile ile chini ya tangi, kabla ya zamu. Unajua mlango wangu unaonekana vizuri sana kutoka pale? Sikuwahi kukaa hapo nikautazama. Nililia, dada, na abiria mmoja akaniuliza kama basi limefutwa.

Miaka tisa nilidhani yule mama anaingia kichakani kwa sababu hapendi hata kivuli changu. Sikujua mtu anaweza kukuheshimu na kukupenda kwa kukukimbia.

Jumanne ya kliniki niliomba ruhusa nikabaki nyumbani ili apite, na la blanketi nimekubali. Lakini niseme ninachoogopa, wewe hutanicheka. Nthoni naijua. Nikimwona najua pa kupeleka macho na miguu. Ikikunjwa, nitamtazama wapi? Nitamwambia nini? Nikiwa na abiria elfu moja maneno yananitoka kama maji ya bomba, lakini kwake sina hata moja.

Nilikwenda kwa Beverlyne nikamwambia ukweli wote, stoo, ndoo, na mama kuzungushwa na basi. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Kwani ungeniambia tu siku ya kwanza ningekuuma? Hata kwetu mtu hakai meza moja na mother-in-law. Bro, nilikufokea nikiwa sijui. Pole." Amenirudisha zamu ya asubuhi na kunipa ruhusa ya siku ya blanketi. Na mimi niliyedhani mtu wa Kakamega hajui mambo haya!

Ann amechagua blanketi, zito, la buluu lenye mistari myeupe pembeni. Analikunjua kila jioni kulitazama na kulikunja tena. Yeye naye ananificha kitu. Nikimuuliza habari ya daktari anainuka kwenda kuangalia sufuria, hata kama hakuna kinachopikwa.

Nichagulie siku.
Kasyoki


Kajiado,
20 Mei 2026

Kasyoki,

Wote wazima, salamu baadaye, nina mashati ya kwaya.

Siku ni Jumamosi, tarehe thelathini. Mbuzi nimempata. Si wale mapacha, acha kuuliza. Njoo na Ann na mtoto, mapema, na usivae hiyo jaketi. Mama Ann amenipa kitambaa nimshonee gauni na amebadilisha mawazo kuhusu kola mara nne, kwa hiyo ujue si wewe peke yako unayeogopa.

Mambo ya daktari muulize mwenyewe. Utakuwa na ruhusa.

Nthambi


Kitengela,
7 Juni 2026

Dadangu Nthambi,

Salamu kutoka nyumba yenye harufu ya nyama hadi leo. Mtoto amewaambia shule nzima kwamba baba yake alimvika nyanya blanketi, na mwalimu amemwomba Ann aje aeleze.

Kwanza nikuambie sijakukasirikia. Ukifika mwisho utajua kwa nini ningekasirika.

Ya Jumamosi ile ulikuwepo, siyarudii. Wewe uliniona nikimfunika mabega. Ambacho hukukiona ni hiki: siku nzima nilitazama viatu vyake tu. Tulisalimiana, tukala, tukaagana, na naweza kukueleza kila mkunjo wa ngozi ya vile viatu vya kanisa, lakini uso wake sikuuona. Niliogopa kuinua macho. Kwa hiyo blanketi lilikwisha kuvikwa na mimi bado nilikuwa kichakani.

Ndipo ikafika Jumanne, kliniki. Tangu alfajiri nilikuwa napangusa kioo cha mlango wangu, na Beverlyne akaniambia nikiendelea kitatoboka. Maweu akasimama upande wa tangi. Yule mama, yaani mama, naruhusiwa kusema mama, akapanda njia ya mteremko polepole, blanketi begani ingawa jua limetoka. Miguu yangu ilinivuta kwenda stoo, dada, nakuambia kweli. Nikaikanyagia chini. Akafika, akasimama kando yangu mbele ya mlango, basi bado.

Nikaanza kuongea. Niliongea kama redio. Nikamwonyesha kipande cha reli kilichoachwa, nikamwonyesha nyumba ya mawe ya bwana stesheni wa zamani ambamo sasa zinakatwa tiketi, nikamweleza vipele vya njano, nikamweleza ile taa inayoonyesha basi liko wapi. Nikasema, "Na kule, mama, ndiko ng'ombe wa Simel wanakopita." Alikuwa akiitikia, "Hee. Ni vizuri. Ni vizuri sana." Lakini alikuwa anatazama mbele tu, kwenye kioo kitupu. Hakuangalia hata kitu kimoja nilichomwonyesha. Nikajiambia, kumbe na yeye bado ana nthoni, hawezi kunielekea.

Ndipo akanigusa mkono wa jaketi. Akaniita kwa jina, dada, Kasyoki, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mtoto wake.

"Kasyoki," akasema, "hamia huku kulia. Upande huo sioni tena."

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake.

Nikapita nyuma yake nikaja kulia. Akageuka akanitazama usoni, bila haraka, na mimi nikamtazama, mpaka milango ikafunguka.

Mdogo wako,
Kasyoki